Mchezo unasema hakuna wimbo, na nyimbo nimezinunua: kagua faili kabla ya kuulaumu mchezo

Ndugu muuliza, umeeleza kwamba umenunua albamu mbili mtandaoni, ukanakili nyimbo zake kwenye folda ambayo mchezo wako wa magari umeitenga kwa muziki wa mchezaji, kisha mchezo ukakujibu kwamba hakuna wimbo wowote uliopatikana. Walionitangulia wamekushauri uufute mchezo na kuusakinisha upya. Naomba nitofautiane nao, kwa kuwa dalili ulizozitaja zinafanana sana na zile zilizonihangaisha mimi kwa muda wa wiki nzima, na baada ya kusakinisha upya mara mbili niligundua kwamba mchezo haukuwa na kosa lolote. Kasoro ilikuwa kwenye kile nilichokuwa nimekilipia.

Nilikuwa na nyimbo zipatazo sitini, karibu zote za aina ya WMA (aina ya faili la sauti ya Microsoft), nilizozinunua miaka mingi iliyopita kwenye duka ambalo baadaye lilifungwa. Kila nilipouamuru mchezo ukague folda, kazi ilimalizika kwa sekunde chache na jibu lilikuwa lilelile: sifuri. Kilichonichanganya ni kwamba baadhi ya nyimbo hizohizo zilikuwa zikilia vizuri kwenye kompyuta yangu ya zamani, na jina la kila faili liliishia na wma kama lilivyotakiwa kuishia. Siku moja, kwa kukata tamaa zaidi kuliko kwa ujuzi, nilibofya faili moja kwa kitufe cha kulia, nikafungua sifa zake, nikashuka kwenye sehemu ya maelezo mstari kwa mstari: urefu wa wimbo, jina la msanii, kiwango cha biti, na karibu na mwisho mstari mmoja mfupi ulioeleza kama faili linalindwa au halilindwi. Lilikuwa linalindwa. Wimbo ulikuwa umefungwa kwa kufuli la kidijitali, ufunguo wake ukiwa leseni iliyohifadhiwa kwenye kompyuta ya zamani, na duka lililoweza kunipa leseni nyingine halikuwapo tena. Mchezo hauna njia ya kuomba leseni. Ukikutana na faili la namna hiyo hulipita kimya kimya, wala haukuelezi sababu.

Ndiyo maana nasema hatua ya kwanza ni kujua umenunua faili au umenunua ruhusa. Hadi mwaka 2007 maduka mengi makubwa yaliuza muziki uliofungwa. Apple ilianza kuuza nyimbo zisizo na kufuli mwaka huo, kwanza zile za kampuni ya muziki ya EMI, na mwaka 2009 ikaondoa kufuli kwa muziki wote wa duka la iTunes. Amazon ilifungua duka lake la MP3 mwaka 2007 bila kufuli tangu mwanzo, na Bandcamp humruhusu mnunuzi achague mwenyewe kama atapakua MP3, FLAC, AAC, Ogg Vorbis au aina nyingine. Kwa hiyo albamu iliyonunuliwa siku hizi kwenye maduka ya namna hiyo kwa kawaida iko wazi. Kinachowanasa watu wengi sasa ni kitu kingine: mtu hulipia huduma ya kutiririsha muziki kila mwezi, akabonyeza kitufe cha kupakua, akaamini kwamba wimbo umekuwa wake. Alichonacho ni nakala iliyosimbwa, ambayo hufunguliwa na programu ya huduma hiyo peke yake na hukoma kulia malipo yakikoma. Hakuna mchezo utakaoisoma, hata ukiihamisha kwenye folda sahihi mara mia.

Windows huficha mkia wa jina la faili, yaani zile herufi zinazofuata nukta ya mwisho. Ingia kwenye menyu ya mwonekano ya dirisha la mafaili, uiagize ionyeshe mikia hiyo. Ukiona m4a, kwa kawaida faili liko wazi. Ukiona m4p, limefungwa. Tofauti ni herufi moja tu, na jicho huikosa kwa urahisi. Mp3, flac na ogg kutoka dukani huwa wazi. Wma, kama nilivyokwisha kueleza, haiaminiki kwa mkia wake, hivyo fungua sifa zake usome mstari wa ulinzi.

Sasa tuseme faili lako liko wazi na bado mchezo hauuoni wimbo. Hapo swali huwa ni lugha gani mchezo unaielewa. Euro Truck Simulator 2, kwa mfano, huweka folda iitwayo music ndani ya folda yake iliyoko kwenye Documents, nayo husoma MP3 na OGG. Ukiiwekea m4a uliyoinunua Apple, faili halali na la wazi kabisa, haitaligusa. Grand Theft Auto V ya kompyuta huweka folda iitwayo User Music na kuzigeuza nyimbo zako kuwa kituo cha redio kiitwacho Self Radio, lakini ni lazima kwanza uingie kwenye mipangilio ya sauti na kuuamuru ukaguzi ufanyike. Kunakili mafaili peke yake hakutoshi. Hujataja mchezo wako ni upi, kwa hiyo siwezi kukuambia unakubali aina gani, ila maelezo hayo huwa yanapatikana kwenye mwongozo wake au kwenye faili fupi la maandishi lililowekwa ndani ya folda hiyohiyo.

Ikibidi kugeuza aina ya faili, programu za bure kama fre:ac zinatosha. Angalizo langu ni moja. AAC, ambayo kwa kawaida ndiyo iliyomo ndani ya m4a, na MP3 zote ni njia za kubana sauti kwa kutupa sehemu ambazo sikio halitazamiwi kuzitambua, na kuigeuza moja kuwa nyingine ni kutupa mara ya pili juu ya kile kilichokwisha kutupwa. Ikiwa duka linakuruhusu kupakua tena ulichonunua, pakua FLAC, ambayo haitupi kitu, kisha tengeneza MP3 kutoka hapo na FLAC yenyewe uihifadhi. Wimbo wa dakika nne kwa MP3 ya kilobiti 320 kwa sekunde huchukua karibu megabaiti 9.6, kwa hiyo hata folda ya nyimbo mia moja haifiki gigabaiti moja, na sioni sababu ya kubana zaidi ya hapo.

Watumiaji wa konsoli, yaani mashine za michezo kama Xbox na PlayStation (PS), wana njia nyembamba zaidi. Nakumbuka Xbox 360 kwa heshima, kwani ilimwezesha mchezaji kupiga muziki wake juu ya mchezo wowote, na mchezo uliotengenezwa kwa kufuata utaratibu ulinyamazisha muziki wake wenyewe papo hapo huku milio ya risasi, injini na mazungumzo ikiendelea. Mtangulizi wake, Xbox ya mwaka 2001, iliweza kunakili nyimbo kutoka kwenye diski na kuzihifadhi, lakini ilikuwa hiari ya kila mchezo kuzitumia au kutozitumia. PS4 husoma nyimbo kwenye flashi, mradi ziwe ndani ya folda iitwayo Music. PS5 imetilia mkazo huduma za kutiririsha kama Spotify na Apple Music. Kwa konsoli isiyo na mlango wowote, wengine hutumia hedifoni zinazopokea sauti ya konsoli na ya simu kwa wakati mmoja na kuzichanganya. Hapo muziki unatoka kwenye simu na mchezo hauhusiki kabisa.

Hata kwenye kompyuta, folda ya mchezo si njia pekee. Mchezo usio na folda ya namna hiyo unaweza kushushwa muziki wake hadi sifuri kwenye mipangilio, ukiacha sauti za matukio na mazungumzo, kisha nyimbo zako zikapigwa na programu yoyote ya muziki nyuma yake. Windows hukuruhusu kupanga kiwango cha sauti cha kila programu peke yake. Njia hii ndiyo ninayoitumia mara nyingi, ila ina mtego ulionigharimu jioni mbili. Kila nilipozungumza na wenzangu kwa mtandao wakati wa mchezo, muziki ulizama ghafla kana kwamba umefunikwa na mto, na tulipokata simu ulirudi. Nilishuku mafaili, nikashuku hedifoni, nikabadilisha hata waya. Kumbe Windows ina mpangilio, kwenye kichupo cha mawasiliano cha dirisha la sauti, unaoiagiza ipunguze sauti nyingine kwa asilimia 80 pindi inapotambua simu, na mpangilio huo huwa umewashwa tangu mwanzo. Chagua isifanye lolote, na tatizo linaisha.

Jambo la kiwango cha sauti halikuulizwa, lakini utalikuta mara tu nyimbo zitakapoanza kulia. Muziki wa mchezo hupangwa na mtu mmoja au timu moja ili kila kipande kikae chini ya sauti nyingine kwa kiasi kilekile. Nyimbo zako zimetoka kwenye albamu tofauti, za miaka tofauti, na kila mtayarishaji alikuwa na kipimo chake. Nilikuwa nikiendesha lori la mchezo usiku, wimbo wa gitaa moja na sauti ya chini ukilia, nikauongeza ili niusikie juu ya mngurumo wa injini. Uliofuata ulikuwa wa ngoma nzito, uliorekodiwa kwa sauti iliyosukumwa hadi ukingoni, na niliruka kitini hadi nikagonga nguzo ya kizuizi barabarani. Programu nyingi za muziki husawazisha tofauti hizo kwa alama ya ReplayGain inayoandikwa ndani ya faili, lakini alama hiyo ni ujumbe kwa programu inayojua kuisoma, na mchezo kwa kawaida hauisomi. Kwa folda ya mchezo natumia programu ya mp3gain, ambayo haiandiki ujumbe pekee bali hurekebisha kiwango ndani ya vipande vya MP3 vyenyewe, kwa hatua za desibeli 1.5, bila kuibana sauti upya. Lengo lake la kawaida ni desibeli 89. Fanya kazi hiyo kwenye nakala, si kwenye mafaili ya asili.

Kuna pia gharama ambayo watu hawaitaji wanapousifia muziki wao ndani ya michezo. Katika michezo mingi muziki ni habari. Kampuni ya michezo ya LucasArts ilitumia mfumo wake wa iMUSE mwaka 1991, uliotengenezwa na Michael Land na Peter McConnell, ili muziki ubadilike bila kukatika kulingana na anachokifanya mchezaji, na michezo ya leo imelibeba wazo hilo mbali sana. Katika mchezo mmoja wa kunyatia nilizima muziki nikaweka wangu, nikashangaa kwa nini nakamatwa kila mara na walinzi ambao hapo awali niliwakwepa kwa urahisi. Nilipourudisha muziki wa asili nikasikia: besi nzito ilikuwa ikiingia sekunde chache kabla mlinzi hajageuka kunitazama. Nilikuwa nimejiziba sikio mwenyewe. Tangu hapo muziki wangu nauweka kwenye michezo ya magari, ya kujenga na ya kulima, ambako muziki ni pambo, na michezo ya kunyatia na ya kutisha naiachia muziki wake.

Mwenzetu mmoja amependekeza uyafungue mafaili ya mchezo na kubadilisha muziki wake kwa wako. Inawezekana pale ambapo muziki umewekwa wazi, mara nyingi kama OGG, ukilipa faili lako jina lilelile na kuhifadhi la asili pembeni. Sikushauri kufanya hivyo kwa mchezo unaochezwa na wengine mtandaoni, kwa kuwa kinga dhidi ya udanganyifu inaweza kukuchukulia kama mtu aliyechezea mafaili.

Na ikiwa unarekodi michezo yako na kuipandisha YouTube, elewa kwamba kuununua wimbo kumekupa haki ya kuusikiliza, si ya kuurusha kwa wengine. Mfumo wa YouTube uitwao Content ID huutambua wimbo hata chini ya kelele za injini. Mimi hurekodi kwa programu ya OBS, ambayo inaweza kutenganisha sauti hadi njia 6, muziki wangu nikauweka kwenye njia yake peke yake na kuuondoa kabla ya kupandisha.

Basi usiufute mchezo kwanza. Chukua faili moja kati ya yale yaliyokataliwa, onyesha mkia wake, soma mstari wa ulinzi kwenye sifa zake, kisha utuandikie hapa ulichokiona pamoja na jina la mchezo. Ikiwa ni m4a na mchezo unataka MP3, nitakueleza jinsi ya kuigeuza kwa fre:ac. Ikiwa ni m4p, rudi kwenye akaunti uliyonunulia, uangalie kama wanakuruhusu kuupakua tena wimbo huohuo ukiwa wazi, kabla hujatoa pesa mara ya pili.