Wasomaji wanauliza: kale kadudu ka kijiti, kana sumu?

Bandugu wasomaji, jambo. Mwezi huu barua karibu zote zinaongelea mdudu mmoja, yule mrefu mwembamba anayefanana na tawi kavu, na nadhani ni juu ya ile video ya mdudu wa miiba wa Australia iliyozunguka kwenye simu za watu hapa Bukavu, sasa kila mtu anachungulia miti ya parsele yake. Mimi nafurahi kabisa. Nimechagua barua chache, zile zenye swali moja nimezijibu pamoja.

Mama wa Kadutu anauliza:
Mwalimu, jambo. Mutoto wangu aliniletea nyumbani kadudu karefu sana, kako na miguu sita myembamba, alikatoa ku muti wa mapera mu parsele. Jirani akapiga kelele ati nikakaue mbio juu kako na sumu, ati ata ng'ombe akikakula anavimba tumbo na kufa. Mi nilikafunika mu bokali, niliogopa kukaua na niliogopa kukaacha. Nifanye nini?

Jibu:
Mama, umefanya vizuri sana kutokaua, na huyo mtoto ana jicho kali maana watu wazima tunampita huyu mdudu kila siku bila kumwona. Ni mdudu kijiti. Hana mwiba wa kudunga, hana meno ya sumu, mdomo wake ni wa kukata majani basi, na majani ndio chakula chake tangu anapototolewa mpaka anakufa. Wengi wanamchanganya na vunjajungu. Vunjajungu mikono yake ya mbele imekunjwa na ina miiba ya kukamatia, anageuza kichwa kukuangalia, na anakula wadudu wenzake. Kijiti hawindi kitu chochote.

Ila nikuambie yote. Duniani kuna aina zaidi ya 3,000 za hawa wadudu na baadhi wana tezi karibu na kichwa zinazotoa maji yenye harufu wakisumbuliwa. Kule kusini-mashariki mwa Marekani kuna mmoja, Anisomorpha buprestoides, anayarusha hayo maji mpaka kwenye macho ya mtu na yanachoma kweli. Kwa hiyo mtoto asimsogeze usoni, na akimaliza kumshika anawe mikono kwa sabuni. Kitu kikiingia jichoni, osha na maji safi mengi palepale, kiisha uende kituo cha afya.

Sasa hayo ya ng'ombe nataka myasikie vizuri. Ng'ombe akivimba tumbo ghafla, mara nyingi ni gesi iliyomjaa baada ya kula majani mabichi mengi, hasa yale ya jamii ya maharage, na inaweza kumwua kwa masaa machache. Na akianguka tu bila kuugua, damu ikamtoka puani au nyuma, hiyo inaweza kuwa kimeta, ugonjwa unaoambukiza hata watu: msimchinje, msimchune, msile nyama yake, muiteni veterineri. Mtu akishasema ni kadudu ndiko kamemwua, watu wanatulia, nyama inagawanywa kartie nzima, na hapo ndipo hatari iko.

Kadudu kenyewe mutoeni kwenye bokali, hewa haitoshi na hana nafasi ya kuning'inia. Musimvute kwa mguu, maana anaweza kuuachia ukabaki mkononi mwenu. Akiwa bado mdogo mguu unaota tena pole pole kila anapobadilisha ngozi, lakini akishakuwa mkubwa habadilishi ngozi tena, basi haurudi. Wekeni mkono mbele yake apande mwenyewe, kiisha mrudisheni kwenye ule muti wa mapera jioni.

Kijana wa Bagira anauliza:
Yaya Mwalimu, ule mududu wa Australia wa mu video, njo wa kweli ao ni mambo ya kompyuta? Kako na miiba mwili muzima, kanakunja mukia juu sawa nge. Nilisikia kanakula mikaratusi, na sisi huku milima yote ni mikaratusi, kwa nini hakako huku? Na nikipata mayai yake kwa intaneti naweza kukafuga?

Jibu:
Ni wa kweli, mdogo wangu. Jina lake la sayansi ni Extatosoma tiaratum, alipewa na Macleay mwaka 1826, na kwao ni mashariki mwa Australia, Queensland na New South Wales. Uliyemwona kwenye video ni jike. Jike ndiye mwenye miiba mwili mzima, ni mnene, anafika karibu sentimita 15, na mabawa yake ni madogo mno hayamrushi. Dume ni mwembamba, mfupi zaidi, ana mabawa marefu na anaruka vizuri. Ukiwaweka pamoja unaweza kuapa ni wadudu wawili tofauti kabisa.

Huo mkia hauna sumu hata tone. Anaukunja juu ili anayetaka kumla aone nge na aghairi, na ukimkaza sana anaweza kukubana kwa miguu ya nyuma yenye miiba, utasikia maumivu kidogo, basi. Muda mwingi ananing'inia kichwa chini kwenye tawi, upepo ukipita na yeye anayumba na majani, yaani hata kutikisika kwake ni kujificha. Wengi ni wa rangi ya jani kavu, lakini kwenye misitu ya mvua ya milimani kuna wenye rangi ya ule ukungu mweupe-kijani unaoota kwenye magome, huyo hata ukielekezwa kwa kidole unaweza usimwone.

Lakini mimi kinachonishangaza zaidi ni utoto wake. Jike hatagi mahali pamoja, anarusha mayai kwa mkia, moja moja, yanaanguka chini kwenye majani makavu, na kila yai linafanana kabisa na mbegu. Juu ya yai kuna kakofia kadogo kenye mafuta. Sisimizi wa pale wanayapenda hayo mafuta, basi wanabeba yai mpaka shimoni kwao, wanakula kakofia, yai lenyewe hawaliwezi, wanalitupa jalalani mwao humo humo ndani. Na huko yai liko salama, nyigu wanaotaga ndani ya mayai ya wengine hawalipati, ndege halioni. Linakaa miezi. Siku ya kutotoka anatoka katoto keusi, kichwa chekundu-chungwa, na hapo hakafanani na kijiti hata kidogo, kanafanana na sisimizi wenyewe! Kanakimbia mbio mbio na mkia umekunjwa juu, kanatoka shimoni, kanapanda mti wa kwanza kanaoukuta. Kikishaanza kula na kubadilisha ngozi ndio kinapoa, mbio zinaisha, kinaanza maisha ya kijiti. Mdudu mmoja huyo huyo anakuwa mbegu, anakuwa sisimizi, anakuwa jani kavu, na akibanwa anakuwa nge. Sijui kiumbe kingine ninachoweza kukielezea watoto darasani wakanyamaza wote hivyo.

Kwa nini hayuko huku? Mikaratusi yetu ni mgeni. Ililetwa wakati wa ukoloni kutoka huko huko Australia kwa ajili ya miti ya kujengea, kuni na makala, ililetwa kama mbegu, na wadudu wake walibaki kwao. Hii ni sababu mojawapo inakua haraka hivi, haina wa kuikula. Na sasa utaona jibu la swali lako la mwisho linakuja lenyewe: usiagize mayai. Mwaka 2002 nyigu mmoja mdogo sana wa Australia, Leptocybe invasa, alionekana Kenya na Uganda, anatia uvimbe kwenye majani na vikonyo vya mikaratusi michanga, watu waliopanda walipata hasara. Na kwao Australia kuna ndugu wa huyu mdudu wako, Didymuria violescens, kuna miaka wanazaana mpaka wanavua majani milima mizima ya mikaratusi. Wewe unasema milima yote ya kwenu ni mikaratusi, wazazi wako wanachoma makala humo, wanauza miti humo. Jike mmoja akikutoroka tu inatosha, hata dume hahitaji (ona barua inayofuata).

Kama unataka kufuga, fuga wa hapa hapa. Tafuta usiku na tochi, kwenye mapera, kwenye vichaka kando ya njia, na angalia alikuwa anakula jani gani, ukate tawi la mti huo huo. Tengeneza fremu ya miti, izungushie kipande cha mustikeri iliyotoboka ambayo watu hawalalii tena, urefu uwe angalau mara 3 ya urefu wa mdudu, maana akibadilisha ngozi anajining'iniza na kuteleza chini atoke ndani ya ile ya zamani, akigusa chini kabla hajamaliza anabaki amepinda. Tawi litie kwenye chupa ya maji, mdomo wa chupa uzibe na kitambaa asije akazama. Nyunyiza maji kidogo jioni juu ya majani, atakunywa matone. Akiwa katikati ya kubadilisha ngozi usimguse hata kama unaona anahangaika. Ile ngozi ya zamani ataikula mwenyewe, ni kawaida.

Mwanafunzi wa Ibanda, pamoja na wenzake, wanauliza:
Mwalimu wetu wa biolojia alisema mududu kijiti dike anazala bila dume, darasa likagawanyika, wengine banasema ni uongo. Ni kweli?

Jibu:
Ni kweli, na mwalimu wenu anastahili heshima. Kwa aina nyingi za wadudu vijiti, jike asiyekutana na dume anataga mayai vilevile na mayai yanatotoka, na kwa kawaida watoto wote wanakuwa majike. Huyu wa miiba wa Australia anafanya yote mawili: akipata dume anazaa madume na majike, asipopata anazaa majike peke yake, ila mayai hayo yanakawia zaidi kutotoka.

Aliye maarufu zaidi kwa jambo hili ni Carausius morosus wa kusini mwa India, mdogo tu, sentimita 8 mpaka 10, kijani au kahawia, ukimfunua miguu ya mbele unakuta doa jekundu kwa ndani. Amefugwa kwenye shule na maabara za Ulaya zaidi ya miaka 100, na karibu wote ni majike wanaozaa majike, dume akitokea watu wanaitana kuja kuona. Kule New Zealand kuna kundi zima, Acanthoxyla, ambalo karibu wote ni majike, na baadhi walisafiri na mimea ya bustani mpaka kusini-magharibi mwa Uingereza, sasa wanaishi huko kwenye bustani za watu.

Faida yake munaiona wenyewe, mdudu asiye na mbio na asiyeruka akiangukia mahali peke yake ukoo hauishi. Hasara ni kwamba mtoto anafanana sana na mama kwa urithi, kwa hiyo ugonjwa unaomwua mmoja unaweza kuwaua wote. Mwambieni mwalimu awape hiyo hasara kama swali la mtihani.

Baba wa Panzi anauliza kama ni kweli kuna wanaofika urefu wa mkono wa mtu.
Ni kweli, Baba. Huko Borneo kuna Phobaeticus chani, aliyeelezwa kisayansi mwaka 2008, mwili peke yake sentimita 35.7 na miguu ikinyooshwa 56.7. Baadaye China walipata wa zaidi ya sentimita 60. Usimwogope, na yeye anakula majani.

Msomaji wa Kavumu anauliza:
Kuna mutu ananiandikia ku WhatsApp, anasema wazungu bananunua vidudu vikubwa vya mu pori kwa dola mingi, anataka niingie upande wa Kahuzi-Biega nimuletee vijiti na vipepeo, lakini kwanza nimutumie pesa ya dosiye. Nimuamini?

Jibu:
Hapana, ndugu yangu. Kahuzi-Biega ni parki ya taifa tangu 1970 na iko kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 1980, kutoa kiumbe humo bila ruhusa ni kosa, sheria ya uhifadhi namba 14/003 ya tarehe 11 Februari 2014 iko wazi, na wadudu nao ni viumbe. Watakaokamatwa ni wewe na kapu lako, yeye ni namba ya simu tu. Tena anayenunua kitu hamuombi muuzaji amtangulizie pesa. Usimtumie hata franka moja, weka ujumbe wake bila kufuta, na uwaonyeshe vijana wenzako wa Kavumu kabla hajawafikia.

Kama kweli unawapenda hao wadudu, wewe uko karibu na Lwiro kuliko sisi wote. Kile kituo cha utafiti cha huko kilianza kama IRSAC, taasisi ya utafiti wa sayansi iliyoundwa mwaka 1947, leo kinaitwa CRSN, yaani kituo cha utafiti wa sayansi za asili. Nenda na foto ulizopiga na jina la mti uliomkuta mdudu, ubishe hodi, uulize kitengo cha biolojia.