Usikubali chip ichomwe kabla hujaiona feni kwa macho yako

Mkuu simama hapo hapo, usimpe huyo fundi hela. Umesema laptop inachemka, feni inavuma kama mashine ya kusaga, ikifika dakika 20 inazima yenyewe, na fundi anataka laki na nusu "achome chip", yaani aipulizie moto lehemu yake ishike tena. Hayo hayo ndiyo niliyoambiwa mimi kwenye kibanda kimoja pale Kariakoo.

Jamaa hakushika hata bisibisi. Aliiwasha, akapapasa chini, akasema chip ya grafiki imeachia lehemu. Nikatoa 180,000, na msinicheke, mtu ana ripoti ya chuo ya kukabidhi Ijumaa anatoa chochote. Ikarudi inawaka safi, nikamsifia mpaka kwa wenzangu wawili nao wakampelekea za kwao. Wiki ya tatu kioo cheusi, haijawaka tena mpaka leo. Kumbe lehemu ya siku hizi haiyeyuki mpaka ipite kama nyuzi 217, sasa mtu anapuliza moto kwa kukadiria tu, bodi inapinda, vitu vidogo vya pembeni vinaungua, na hata ikifufuka ni ya muda maana kilichokuwa kinaichemsha bado kimo humo humo.

Na nilikikuta mwenyewe nilipoifungua niuze spea. Kati ya feni na yale mapezi membamba ya chuma yanayotoa joto nje, kulikuwa na vumbi limeshikana na nywele na nyuzi za shuka (nilikuwa naitumia kitandani kila siku), limekuwa kama sufi ya mto, nikalivuta kwa kibano likatoka zima, pana kama kidole. Upepo ungepita wapi hapo? Prosesa, yaani ubongo wa laptop, ikichemka kupita kiasi inajizima isiungue, ndivyo ilivyotengenezwa, haikuwa mbovu! Mashine ya laki nane na nusu imekufa kwa kitu cha kibano na brashi ya buku mbili. Yule bwana kama alijua alinidanganya, kama hakujua hakuwa na haki ya kushika mashine ya mtu, yaani bado inaniuma.

Na asikwambie atapuliza na bloa kupitia matundu ya chini bila kufungua, ule uchafu uko upande wa ndani, utazidi kukandamizwa tu. Zima, chomoa chaja, fungua mfuniko, chomoa betri, itoe feni, na unapoipuliza shika mapanga yake kwa kidole yasizunguke, ikikimbizwa na upepo inaharibika. Pesti ya prosesa (ile krimu ya juu yake inayopitisha joto) ikiwa imekauka kama chaki ifute kwa spiriti uweke mpya. Vile vipedi laini vya juu ya memori usivitupe ukajaza pesti, kutabaki pengo na joto halitapita.

Fungua leo jioni mkuu, piga picha pale feni inapokutana na mapezi uitupie hapa tuione, kabla hujatoa hata mia.