Mnaoanza kazi ya mahusiano ya umma kwenye siasa, someni hii kwanza

Nilipoanza hii kazi nilidhani nimeajiriwa niwafanye watu wampende bosi. Kumbe hiyo ni sehemu ndogo, kazi yenyewe ni kuamua wiki hii watu waongelee nini.

Wanafunzi mnaufahamu ule utafiti wa 1968 kule Chapel Hill, Marekani, watafiti wa mawasiliano McCombs na Shaw waliwahoji wapiga kura 100 ambao walikuwa bado hawajaamua, wakakuta mambo wanayoyaona muhimu ni karibu yale yale ambayo vyombo vya habari vimeyapa nafasi. Sawa. Ila swali linalorukwaga ni hili, wahariri nao ajenda wanaitoa wapi? Nyingi wanaletewa, na wanaopeleka ni sisi.

Kuna taarifa niliituma kwenye vyombo vya habari saa nne asubuhi, ina nukuu, picha, takwimu, kila kitu, na kwenye aya ya tatu nikakosea mwaka. Kesho yake nafungua magazeti matatu, mwaka ule ule mbovu uko pale pale aya ya tatu, hakuna hata mmoja aliyepiga simu kuuliza. Mwandishi ana stori tano za kumaliza kabla ya jioni, ukimletea iliyoiva ataichukua, simlaumu. Kilichoniuma ni kwamba siku hiyo kuna watu walikuwa wanalalamikia maji machafu na hawakupata hata aya moja, maana wao hawana mtu wa kuwaandikia taarifa.

Halafu kuna kuzika habari, yaani kuitoa wakati ambao watu hawataiona. Septemba 11, 2001, minara ya New York inaungua, Jo Moore, mshauri kwenye serikali ya Uingereza, akaandika imeili kwamba hiyo ni siku nzuri sana ya kutoa habari wanazotaka zizikwe. Ikavuja, akaomba radhi, mwaka uliofuata akajiuzulu. Wengi wetu hatuandiki, tunasema tu "itoe Ijumaa jioni" na kila mtu ofisini anaelewa.

Kwa hiyo ukiambiwa Ijumaa jioni, uliza kuna nini ndani. Mimi niliwahi kupewa ripoti ya ukaguzi wa madaraja, nikabishana na bosi karibu saa nzima mpaka ikatoka Jumanne asubuhi. Tulipigiwa simu siku tatu mfululizo, na lile daraja lenye ufa likafungwa wiki hiyo hiyo.