Kabla Hujanunua Alternata, Kwangua Ethi

Gari langu ni Datsun 240Z ya mwaka 1972, ya rangi ya chungwa iliyokwajuka. Nikipita nayo Kirumba, hapa Mwanza, wazee huinua mikono: "Hiyo ndiyo ya Safari Rali!" Hawakosei. Modeli hii ilishinda Safari mwaka 1971, ikarudia 1973. Ila wao wanaiona ikitembea. Mimi miezi minne ya kwanza niliiona zaidi ikisukumwa na vijana wa bodaboda.

Dalili zilikuwa hivi: nikiwasha indiketa usiku, taa kubwa zinafifia pamoja nayo. Sindano ya ampea kwenye dashibodi inacheza. Injini ikishapata moto, stata inajikokota kama mtu aliyeamshwa kwa nguvu. Fundi wa kwanza hakufungua hata boneti vizuri. "Bosi, alternata imekwisha hii." Yaani mashine ya kuchaji betri. Nikanunua. Wa pili akasema regyuleta, kidhibiti cha chaji, ambayo kwenye gari hili ni kiboksi cha pembeni, haimo ndani ya alternata. Nikanunua. Wa tatu akataka betri mpya. Pesa ikaenda, ugonjwa ukabaki palepale.

Mita ya kupimia umeme niliyonunua mjini kwa bei ya chini kabisa ndiyo iliyonifumbua macho. Nilichomoa waya wa koili ili injini isiwake, nikaweka ncha nyekundu ya mita kwenye chuma cha injini, nyeusi kwenye kichwa cha negativu cha betri, kisha nikamwomba kijana apige stata. Hapo mita inatakiwa isome kidogo sana, isifike nusu volti. Yangu ilisoma volti 2. Maana yake volti 2 kati ya zile 12 zilikuwa zinapotea njiani zikirudi betrini. Kumbe waya wa ethi, ule unaorudisha umeme betrini kutoka kwenye chuma cha gari, ulifungwa juu ya rangi, na chini ya rangi kulikuwa na kutu. Ziwa letu halina chumvi, lakini unyevu wake wa alfajiri unatosha kabisa kwa kazi hiyo, hasa gari likilala nje.

Msasa, bolti mpya, grisi kidogo juu yake. Nusu saa.

Sasa hapa ndipo wengi wanapodanganyika, na mimi nilidanganyika. Fundi huchukua mita, anaiweka kwenye mlio, anagusa ncha mbili za waya, inalia "piii", anasema waya mzima. Waya wenye nyuzi ishirini ukibaki na uzi mmoja bado utalia. Wanaokaa mlimani Mabatini wataelewa haraka: bomba lililoziba nusu, ukilifungua kidogo unaona presha ipo, fungua koki yote uone. Kwa hiyo pima kitu kikiwa kinafanya kazi: taa zimewashwa, stata inazunguka, feni inapuliza.

Taa kubwa za 240Z zina kasoro yake ya kuzaliwa. Umeme wote wa taa unapita kwenye swichi ya usukani, hakuna relei, yaani swichi ya umeme inayobeba mzigo mkubwa kwa amri ya umeme mdogo. Piga hesabu: balbu mbili za wati 60 kwenye fulu ni wati 120, gawanya kwa 12, unapata ampea 10. Hizo zinapita kwenye vijibati vya shaba vyenye umri wa zaidi ya miaka 50. Usiku mmoja natoka Usagara, nikasikia harufu ya plastiki, nikazima taa, nikasimama pembeni gizani nikingoja swichi ipoe. Kesho yake nikafunga relei mbili, moja ya fulu na moja ya dimu, zikapata umeme moja kwa moja kutoka betrini kupitia fyuzi yake. Swichi sasa inaamsha relei tu. Kama una gari hili na hujafanya hivyo, anza na hilo kabla ya redio. Na ukiwa hapo, gusa kisanduku cha fyuzi baada ya kuendesha usiku. Kikiwa cha moto, safisha meno yake yanayoshika fyuzi. Usiweke fyuzi kubwa zaidi.

Betri ikifa usiku kucha, chomoa waya wa negativu, weka mita ya ampea katikati, chomoa fyuzi moja moja mpaka namba ishuke. Kwangu ilikuwa taa ya buti. Usipige stata mita ikiwa hapo! Nilipiga. Fyuzi ya mita ikaenda.

Alternata ya zamani, ile iliyoambiwa imekwisha, niliirudisha garini mwezi uliopita kwa ajili ya kujua tu. Inachaji volti 14.1. Ile mpya ipo stoo, imefungwa kwenye gazeti.