Elfu 60 na sebule ya Umoja: pesa iende kwenye kioo

Ndugu, umesema una shilingi 60,000 na unaishi Umoja, nyumba ya chumba kimoja cha kulala na sebule. Dukani Luthuli, katikati ya Nairobi, umeonyeshwa TV mbili kwa bei inayokaribiana: ya inchi 65 yenye jina ambalo hujawahi kulisikia, na ya inchi 55 ya kampuni inayojulikana. Nyumbani mnatazama mpira, habari na katuni za watoto. Mimi natengeneza TV, meza yangu iko Kawangware, na kazi ninayoletewa zaidi ni TV kubwa za bei ya chini ambazo hazijawa nzee hata kidogo. Kwa hiyo nitakujibu nikiangalia upande wa nyuma wa TV, ule ambao muuzaji hakufungulii.

Chukua ya inchi 55.

Kwenye TV karibu kila kitu kinaweza kuongezwa au kubadilishwa baadaye kwa pesa kidogo, isipokuwa kioo. Sauti ikiwa hafifu, utanunua spika ukijaliwa. Programu zikiwa nzito, utachomeka kijiti chenye programu zake kwenye tundu la HDMI na kuisahau ile iliyokuja na TV. Bodi ya umeme ikiungua, natafuta nyingine na unarudi nyumbani. Lakini kioo kikipasuka au kikianza kuchora mistari, bei ya kipya inakaribia bei ya TV nzima, na wateja wengi nawashauri wasihangaike. Ndiyo maana kila shilingi uliyo nayo iende kwanza kwenye kioo na taa zinazokimulika.

Taa hizo nizieleze vizuri, kwa sababu ndipo TV kubwa ya bei ya chini inapofia. Karibu zote utakazoonyeshwa mpya kwa bei hiyo, hata ziwe zimeandikwa QLED, ni LCD. Kioo cha LCD hakitoi mwanga, kinamulikwa na taa ndogo za LED zilizopangwa nyuma yake au pembeni. QLED ni hiyo hiyo LCD iliyoongezewa utando wa kuboresha rangi. OLED, ambayo kila pikseli, yaani kila nukta ya picha, inajitolea mwanga wake, haiko kwenye bajeti yako ikiwa mpya.

Sasa nikifungua inchi 65 ya bei ya chini, mara nyingi nakuta mistari michache ya taa iliyotengana sana, na kila taa inasukumiwa umeme mwingi ili skrini yote ing'ae. Juu ya kila taa kuna kilenzi cha plastiki, saizi ya kifungo cha shati, kilichogandishwa kwa gundi. Joto likikaa siku nyingi gundi inakauka, kilenzi kinadondoka, na kwenye skrini unaanza kuona doa jeupe la mviringo pale ambapo mwanga hautawanywi tena. Baadaye taa yenyewe inakatika. Kwa kuwa taa zimeungwa kwa mfululizo, ikifa moja mstari mzima unazima, na TV nyingi hapo hukata taa zote: sauti unaisikia, picha huioni. Ukitaka kuthibitisha, zima taa za chumba umulike skrini kwa tochi ya simu kwa karibu. Utawaona watu wakitembea mle ndani kwa uhafifu. Kioo ni kizima, taa ndizo zimekufa.

Kubadilisha taa za inchi 32 ni kazi ya kawaida. Za inchi 65 zinataka meza kubwa na watu wawili wa kuinua kioo chembamba bila kukipinda, na mafundi wengi wanaikataa kwa sababu kikivunjika wanalipa wao. Halafu TV ikiwa ya jina lisilojulikana, kuna kibarua kingine cha kutafuta mistari ya taa inayolingana nayo. Za kampuni zinazouzwa sana hapa, kama Hisense, TCL, Samsung na LG, vipuri vyake huwa tunavipata mjini bila taabu kubwa. Hilo peke yake lingenitosha kuamua.

Kuhusu ukubwa, kabla ya kurudi dukani pima umbali kutoka mgongo wa kochi hadi ukutani. Kipimo ninachotumia ni kuzidisha urefu wa skrini, ule wa kona hadi kona, kwa 1.6. Inchi 55 ni sentimita 140, kwa hiyo inakaa vizuri ukiwa mita 2.2. Inchi 65 ni sentimita 165 na inataka kama mita 2.6. Sebule nyingi za Eastlands ninazoingia kufunga TV, kochi liko mita 2 na kitu kutoka ukutani. Ukikaa karibu zaidi na skrini kubwa, unachokuza ni kasoro za matangazo. Mpira wa king'amuzi unakujia kwa HD, na chaneli nyingine za hapa ni chini ya hapo, hivyo TV inalazimika kujaza pikseli ambazo hazikutumwa. Kichakataji (prosesa) cha TV dhaifu kinafanya hiyo kazi vibaya: nyasi zinakuwa kama rangi iliyomwagika na namba za mgongoni zinapata ukungu. Ukipima na kuona uko chini ya mita 2, hata inchi 50 itakupendeza, na utabakiwa na pesa.

Pima pia meza ya TV. Inchi 55 ina upana wa sentimita 122 hivi, na miguu ya TV nyingi za sasa iko huko mwishoni kabisa. Nimewahi kuitwa kufunga braketi ukutani kwa sababu tu miguu ilikuwa nje ya meza. Kama una watoto wadogo, ukutani ni bora hata hivyo. Zungumza na mwenye nyumba kwanza kuhusu kutoboa.

Maandishi ya kwenye boksi usiyape uzito sana. HDR, picha yenye mwanga na giza vilivyoachana zaidi, kwa bei hii maana yake ni kwamba TV inaipokea hiyo ishara tu. Filamu hizo hutayarishwa kwa mwanga wa niti (kipimo cha mng'ao wa skrini) 1,000 na zaidi, nayo TV yako itatoa 250 au 300 hivi, kwa hiyo usilipie nyongeza kwa ajili yake. Chochote kinachotaja kasi ya picha ya 120 au 240 kwenye TV ya aina hii mara nyingi ni ujanja wa programu, kioo chenyewe ni cha picha 60 kwa sekunde. 4K ni ya kweli na kwa inchi 55 ichukue, ila soma vizuri: kuna boksi limeandikwa kwamba TV "inakubali 4K", kumbe kioo ni pikseli 1920 kwa 1080 au hata chini ya hapo. Unachotaka kuona kwenye maelezo ya kioo ni 3840 kwa 2160.

Nenda dukani na flashi, na usione haya. Luthuli kupima TV kabla ya kulipa ni kawaida. Weka humo picha tatu zilizojaa rangi moja: nyeupe, nyeusi, na kijivu. Nyeupe itakuonyesha pikseli zilizokufa na kona zilizofifia. Nyeusi itakuonyesha mwanga unaovuja pembeni, nao watu wa duka wakikubali kupunguza taa zao kidogo utauona zaidi. Kijivu ndiyo ninayoiamini kuliko zote, kwa sababu ndiyo inayofichua michirizi na mabaka, na hayo ndiyo utakayoyaona kila kamera ikifuata mpira kwenye uwanja wa kijani. Ongeza video ya 4K yenye mistari ya pikseli moja moja, nyeusi na nyeupe. Iwe video, si picha, maana TV nyingi hufungua picha kwa ubora wa chini hata kioo kikiwa kizuri. Sogea karibu: kwenye 4K halisi utaona mistari imesimama, kwenye ya kudanganya inayeyuka kuwa kijivu au mawimbi.

Kisha tembea hadi pembeni, uangalie ukiwa pale atakapokaa mgeni kwenye kiti cha plastiki siku ya mechi. Vioo vya LCD viko vya aina mbili kuu, VA na IPS. Vya VA vina weusi mzuri, utofauti wa nuru na giza wa 3,000 kwa 1 na zaidi, lakini ukivitazama kwa upande rangi zinapauka. Vya IPS vinahifadhi rangi pembeni, ila weusi wake ni kijivu usiku, kama 1,000 kwa 1. Nyinyi mkiwa wengi na mmekaa kwa kuzunguka, IPS itawafaa. Modeli moja inaweza kuja na kioo cha aina yoyote kati ya hizo, kwa hiyo ipimwe ile ile utakayobeba. Ukishapima moja, usikubali upewe nyingine iliyofungwa.

Angalia kama ina DVB-T2 ndani, yaani kipokezi cha matangazo ya dijitali ya antena. Tangu mitambo ya analogi izimwe mwaka 2015 ndiyo mfumo wa matangazo ya hapa, na ukiwa nayo, antena tu inakupa chaneli za bure bila kulipia king'amuzi kila mwezi. Hapa ndipo TV za mitumba kutoka Marekani zinapowaangusha watu, kwani mfumo wao ni tofauti. Za mitumba kutoka Uingereza zinatumia umeme kama wetu na nyingi ni nzuri, lakini omba iwashwe nusu saa ipate joto kwanza, na kama ni OLED tafuta kivuli cha nembo ya chaneli kilichobaki kwenye kona.

Lipa pole pole siipingi. Jumlisha malipo yote hadi ya mwisho kabla hujatia sahihi, ulinganishe na bei ya taslimu.

Usitumie 60,000 yote kwenye TV. Acha ya TV guard. Stima ikipotea na kurudi kwa kishindo, inachelewesha umeme mpaka utulie, na bodi nyingi ninazobadilisha zingepona kwa kifaa hicho kidogo. Matumizi yasikutie hofu: TV ya wati 120 ikiwaka saa 5 kila siku inakula uniti 18 kwa mwezi.

Kubeba, ikae wima tangu dukani hadi mlangoni, usiilaze kwenye kiti cha nyuma wala usiifunge kwenye boda. Mkiwa wawili, shikeni kwa chini, vidole visiguse skrini, kwa sababu kioo huvunjika kwa kubanwa kona na waranti hailipi kioo kilichopasuka. Risiti iandikwe namba ya modeli na namba ya TV yenyewe.

Ukishaiwasha, toa ile modi ya rangi kali iliyowekwa kwa ajili ya duka, weka ya filamu, na ushushe mwanga wa taa za nyuma hadi 60 au 70 kati ya 100. Jioni ndani ya nyumba hutaona upungufu, na taa zitapumua. Ule ulainishaji wa mwendo uzime, unaacha mkia nyuma ya mpira.

Kabla hujalipa, niandikie namba ya modeli iliyo kwenye karatasi ya nyuma ya TV, si ya kwenye boksi. Nitakuambia kama mistari yake ya taa inapatikana hapa mjini.