Kamusi iache kwanza, mrekodi bibi akiongea

Ndugu, umeuliza kama uanze na kamusi ya lugha ya bibi yako, maana katika wajukuu anayeielewa ni wewe tu. Kamusi iache kwanza. Mrekodi akiongea.

Kazi hii nimeifanya Kiteto, Tanzania, nikiwasaidia watafiti waliokuwa wakirekodi wazee wa Kiakie. Waakie ni warina asali na wawindaji. Lugha yao ni ndugu wa Kikalenjin cha Kenya, lakini wamezungukwa na Wamasai, na watoto wengi wanakulia kwenye Kimasai na Kiswahili. Ukimwuliza mzee "asali mnaiitaje?" anakupa neno moja, basi. Mwambie akusimulie siku ya kurina tangu anatoka nyumbani, utapata majina ya nyuki, ya miti, ya vifaa, jinsi ya kumfuata ndege anayeelekeza penye asali. Vitenzi navyo vinakuja na nafsi na nyakati zake, kitu ambacho orodha ya maneno haikupi kamwe.

Kazi kubwa ni kunukuu, yaani kuyaandika yote yaliyosemwa kwenye rekodi. Saa moja ya sauti hula siku kadhaa, na huwezi kuifanya peke yako: mzee aketi karibu, msikilize sentensi moja moja, airudie polepole, akueleze. Kwa hiyo rekodi kidogo, nukuu hapo hapo. Inauma sana kuwa na sauti ya marehemu usipate wa kukufasiria. Kiaasax, lugha nyingine ya huko huko nyika ya Wamasai, kilikoma mwaka 1976 alipofariki mzee wa mwisho aliyekijua. Tulichobaki nacho ni kile tu watu walichowahi kukiandika.

Simu yako inatosha, ila iwe na programu ya kurekodi faili za WAV, zinazotunza sauti yote, si MP3, inayoibana na kuipunguza, na ununue maikrofoni ya kubana kwenye nguo. Kunukuu tumia ELAN, programu ya kompyuta ya Taasisi ya Max Planck, Nijmegen. Ni ya bure, na kila sentensi inakaa na sauti yake. Ukiandika, usitegemee irabu tano za Kiswahili, mara nyingi hazitoshi. Toni pia iandike, yaani sauti inavyopanda na kushuka ndani ya neno.

Ruhusa iombe kwa lugha ya bibi mwenyewe, na uirekodi: nani asikie, nini kisiende intaneti. Ya jandoni na unyagoni si ya kila sikio. Nakala moja ibaki kwa familia, nyingine uipeleke kwenye hifadhi ya rekodi kama ELAR, ya lugha zilizo hatarini kutoweka, iliyoanzia chuo cha SOAS, London, na sasa iko Berlin. Huko unaweza kufungia faili ambazo bibi hataki zisikilizwe na kila mtu.