Hiyo k ya "knight" haikuwekwa kukutesa

Mkuu, umeuliza kwa nini neno la Kiingereza "knight" lina k na gh ambazo hazitamkwi. Zamani zilitamkwa bana, k inasikika kabisa na ile gh inakwaruza kooni kama kh ya Kiarabu. Sasa William Caxton akaanzisha uchapaji Uingereza 1476, spelling zikaanza kuganda taratibu huku midomo ya watu inaendelea kubadilika, ndo maana leo unaandika matamshi ya watu waliokufa zamani.

Ng'ombe kuitwa "cow" halafu nyama yake "beef", hapo kalaumu Wanormani (watu kutoka Normandy, Ufaransa) waliovamia Uingereza 1066, wakubwa wakawa wanaongea Kifaransa, maneno kibao ya Kifaransa yakaingia, "beef" ikiwemo. Na "thou" unayokutana nayo kwenye Biblia ya Kiingereza ya zamani ni wewe mmoja, "you" ilikuwa nyinyi, baadaye ikawa ya heshima mpaka ikammeza mwenzake (mi naona walipoteza kitu kizuri).

Ushauri wangu, usikariri neno mojamoja utachoka, yashike kifamilia: knee, knife, know, halafu night, light, right, na kila neno jipya sikiliza kwanza matamshi kwenye kamusi ya simu ndo uliandike.